Mtu wa Sayari Aliyegoma Kufa

Kila asubuhi, pale studio Hollywood, kabla sijambandika mwigizaji wetu mmoja wa kike sura ya mpira ya mtu wa sayari nyingine, alijipaka kwanza rangi ya mdomo. "Nani ataiona?" nilimuuliza. "Kwani mimi si mtu?" Miaka mitatu alikuwa akipigwa risasi na kuanguka kimya katika vipindi vyetu vya televisheni vya sayari za mbali. Siku ile bastola ya shujaa wa kipindi ililia, wenzake wakaanguka, yeye akabaki wima, mikono kiunoni.

"Mama, umeshakufa!" alifoka mwongozaji, Bwana Pruett. "Anguka, au kazi huna!"

"Mwambie shujaa wako ajifunze kulenga. Amenikosa."

Akamwendea shujaa huyo taratibu. Shujaa akarudi nyuma hadi ukutani, na kamera haikuwa imezimwa. Ijumaa nchi nzima iliiona hofu hiyo kwenye televisheni. Mwishoni majina ya waigizaji yakapita, lake halimo.

"Shauri yao," alisema Jumatatu pale pale studio, akifungua rangi ya mdomo. "Sikuanguka."