Nta Iliyomiminwa Mara Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye ghala la nta la Kibondo umande haujakauka. Msimamizi wa Jiko akanipa kipande cha nta akasema, "Tafuna." Nikatafuna. "Imeshika menoni?" Nikamwambia haijashika. "Basi hiyo ni nta. Ikishika, ujue kuna mtu ametia mafuta ya ng'ombe humo. Haya, kachote maji." Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Shule niliachia darasa la nne, cheti sina, lakini meno nilikuwa nayo yote.

Nawaandikia ninyi vijana mnaonisimamisha njiani kuniuliza habari za Bukuru. Picha yake mnayo kwenye simu, kavaa miwani, kaegemea gari. Mnataka kujua alikuwa na nyumba nchi gani na alikwenda Ulaya mara ngapi. Habari za nta hamniulizi. Mimi nitaanza na nta, maana asiyeijua hataelewa yule mtu alivyokufa.

Masega yakishakamuliwa asali, yanayobaki ndiyo machicha. Unayatia kwenye pipa la maji, unawasha moto wa taratibu. Moto ukiwa mkali nta inaungua, inakuwa nyeusi, mnunuzi anaikataa. Ikishayeyuka unaichuja kwa gunia, wawili mnalisokota kama mnafua blanketi. Halafu unaimimina kwenye beseni lililopakwa maji ya sabuni, unalifunika kwa magunia, unaondoka. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Nta inataka kupoa yenyewe, polepole. Ukiifunua mapema inapasuka. Na jiko unalizima, maana nta ikishamiminwa haina kazi tena na moto. Yakumbuke hayo ya jiko.

Mwenye ghala alikuwa Bukuru. Kwetu Uha, kama kwa ndugu zetu Warundi, pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Huyu wetu alizaliwa Kitanga, wazazi wake walikimbia vita Burundi wakapokelewa hapa wakalima. Butoyi wake alikufa angali mchanga. Baba yao alikuwa mtu wa mizinga, na Bukuru alipanda miti kufuata mizinga tangu hajui kusoma. Nilipomkuta Kibondo alikuwa bado anapanda. Bosi mwenye viatu vya ngozi, anavivua, anakwea mti wa muyombo wenye mzinga, anashuka na nyuki kwenye nywele anacheka.

Kijijini alipendwa kwa jambo moja. Akienda kununua, alikuwa anabeba dumu la wanzuki, ile pombe ya asali, na kabla ya kumpa mtu, anaonja yeye. Wazee wetu wanaita kusogongera. Mwenye kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mgeni aone hamna sumu. Hata mkiwa hampendani, ataonja. Asipoonja, amekwambia neno zito kuliko tusi. Bukuru alikuwa anapiga funda, anafuta kidevu, anasema, "Nikifa msinywe." Watu wanacheka, nta inaletwa.

Kisha akaja Sosthenes Ntabaye. Namtaja, na akitaka kuja kuniuliza anajua ninapokaa. Alijiita Meneja wa Mauzo ya Nje. Alikuja na dereva wake Yona Kashindi, naye namtaja. Ghala kubwa likafunguliwa Kasulu, nami nikapelekwa huko kuwa mkuu wa jiko. Nta ikawa inapanda ndege. Bukuru naye akawa anapanda ndege, mara Bujumbura, mara Ubelgiji, mara nchi nisizoweza kuzitamka. Miti aliacha kupanda.

Pale Kasulu palikuwa na chumba chenye kufuli ambacho ufunguo wake alikuwa nao Sosthenes. Nta yangu iliyopoa ilikuwa inaingia mle, inayeyushwa upya, inatoka. Asubuhi moja nikakuta bonge lililotoka mle limepasuka. Ndani lilikuwa na mstari kuzunguka, kama pete. Nta iliyomiminwa mara moja haina mstari. Hii mtu alimimina chini, akaacha ikapoa, akaweka kitu, akamimina juu. Kitu chenyewe kilikuwa pakiti ya nailoni, ndani yake unga. Si wa ugali. Dawa za kulevya.

Nikalibeba bonge mpaka kwa Bukuru.

"Minani, umeona nini?"

"Nimeona nta iliyomiminwa mara mbili, bosi."

Aliligeuza mkononi kwa muda mrefu. Akasema, "Nimesikia. Wewe ni mtu wa moto. Kaa na moto."

Wiki iliyofuata hata moto wenyewe nilinyang'anywa. Nilihamishiwa Kumsenga kuwa mnunuzi, huko na huko mpaka barabara ya kambi ya Nduta, ambako wakimbizi walikuwa wananiuzia asali kwenye madumu ya mafuta ya msaada. Mama mmoja wa Kirundi alikuwa ananionjesha kwa kidole chake, kwanza yeye, ndipo mimi. Nilikuwa namtazama namkumbuka Bukuru wa zamani.

Mdogo wangu Elias alibaki Kasulu, kibarua wa kupakia mizigo. Yona alikuwa anawapa wapakiaji kidogo kidogo kutoka zile pakiti, wakeshe wakipakia, wasiulize. Nilipokuja kumwona Elias sikumtambua. Alikuwa ameketi nyuma ya stendi, anajikuna, ananiambia, "Kaka, niko sawa, nimechoka tu." Alikufa pale pale nyuma ya stendi, mchana, watu wanapita na matoroli ya ndizi.

Bukuru alikuja mazikoni. Alishika jembe akafukia kaburi na wenzake, shati likaloa. Sikumsalimu. Nyinyi mnaomwimba, hapa ndipo msome mara mbili: yule mtu alimuua mdogo wangu. Alikuwa na nyumba tatu na ndugu yangu alikufa na suruali ya kufunga kwa kamba.

Msimu wa masika ulipoisha akanifuata Kumsenga, peke yake, anaendesha mwenyewe. Akaketi kwenye dumu tupu.

"Rudi Kasulu, Minani."

"Kufanya nini?"

"Kuyeyusha. Nataka nta tupu. Inayomiminwa mara moja."

"Na Sosthenes?"

"Sosthenes nitamwambia mwenyewe."

"Atakubali?"

Akacheka kidogo. "Nyuki anakubali ukimnyang'anya sega?"

"Basi vaa wavu, bosi."

"Nimezoea kuumwa," akasema. Nilirudi naye. Sikurudi kwa kumpenda. Nilitaka kukiona kile chumba kinafunguliwa.

Kilifunguliwa. Bukuru alivunja kufuli kwa nyundo mbele yetu wote, nasi tukafagia. Siku chache tuliyeyusha kama Kibondo ya zamani, na alivua viatu akasokota gunia na mimi.

Siku yenyewe tulikuwa tumemimina asubuhi. Mabeseni yamefunikwa, jiko nimelizima kwa maji, vibarua wamekwenda kula. Bukuru na mimi tuliketi barazani. Gari likaingia, Yona anaendesha, Sosthenes akashuka na dumu la wanzuki.

"Bosi, nimekuja tuyamalize," akasema. "Tumetoka mbali."

"Karibu, keti."

Akamimina kikombe, akakiweka mbele ya Bukuru. Bukuru hakukigusa. Alingoja. Mimi nami nilingoja, maana ndivyo ilivyo.

"Onja basi," Bukuru akasema.

"Ah, mimi nimeokoka siku hizi. Pombe sinywi."

"Umeokoka lini?"

"Jumapili."

"Bwana asifiwe," Bukuru akasema, na akamtazama Yona aliyekuwa amebaki mlangoni mwa gari, mkono ndani ya koti, na jua lile. Kisha akanigeukia. "Nenda kachochee jiko, nta inaganda."

Nikashangaa. "Bosi, jiko si nilili..."

"Nenda nimesema. Nenda, Butoyi."

Sosthenes akacheka. "Huyu kalewa kabla ya kunywa. Mtu mwenyewe si Minani?"

Nilikwenda nimenuna. Ninaagizwa kuchochea majivu yaliyolowa, na ninaitwa jina la marehemu. Nilipofika nikalitazama lile jiko jeusi, baridi. Hapo ndipo nikaelewa, na bunduki ikalia.

Nilijitupa nyuma ya rundo la kuni. Ikalia tena, ikalia tena. Nikasikia sauti ya Yona: "Yule mtu wa moto yuko wapi?" Na ya Sosthenes: "Muache, yule hajui kitu. Twende." Nilipotoka, Bukuru alikuwa amelala na kikombe kimesimama vile vile mbele yake, kimejaa.

Wakubwa wa polisi waliokuja wakaandika kwamba ni majambazi. Nikawaambia majina. Wakaniuliza, "Uliona?" Nikasema nilisikia. "Kusikia si kuona, mzee." Nikawaeleza habari ya kuonja. Wakatazamana. Mmoja akaniambia kwa upole nikapumzike.

Watu wa mjini hawakutaka gari lao libebe maiti ya mtu wa unga. Aliyetutolea lori ni Mzee Shabani wa duka la vitenge, mtu wa asili ya pwani, aliyepoteza mjukuu kwa unga ule ule. Alisema tu, "Maiti haina biashara," akampa dereva funguo. Tukampeleka Kitanga kwa mama yake. Mama aliuliza swali moja: "Nani?" Watu wote wakamjibu majambazi. Aliendelea kunitazama mimi. Nikasema, "Mama, nipe muda."

Siku ya kuanua matanga, Sosthenes akaja. Suti, Biblia kwapani, na mtungi mkubwa wa wanzuki kwenye gari, mchango wake kwa mama wa marehemu. Ukawekwa katikati, mirija ikachomekwa. Watu wakamtazama, maana mwenye kinywaji ni yeye. Naye, mbele ya wazee wote wa Kitanga, akainama, akavuta mrija kwa nguvu, akameza, akafuta kidevu.

"Karibuni," akasema.

Mama alikuwa ameshaushika mrija wake. Mimi nikasimama.

"Sosthenes, siku ile barazani ulimwambia Bukuru umeokoka, hunywi. Leo umeonja. Kwa nini mwana wa mama huyu hukumwonjea?"

Pale hapakuwa na mtu wa kuniambia kusikia si kuona. Kila mzee aliyeketi pale alijua maana yake. Sosthenes alifungua mdomo, akasema pombe hii ni ya matanga, hii ni tofauti, Mungu anaelewa. Mama akauchomoa mrija wake, akauweka chini kwenye majani. Jirani yake akachomoa wake. Ikawa hivyo mduara mzima, mmoja mmoja, mpaka mtungi ukabaki na mrija mmoja tu, wa mwenyewe. Alisimama kidogo, akaenda kwenye gari lake.

Hakufungwa. Yuko Kasulu mpaka leo na anaketi kiti cha mbele kanisani. Yona anaendesha gari la mtu mwingine. Lakini Kitanga na Kumsenga hapati hata sega moja, na akiingia mahali watu wanapokunywa, mirija inatoka. Hiyo ndiyo hukumu niliyoweza kuipata.

Kazi nimeacha. Kifua kimejaa moshi wa miaka mingi na meno ya kupimia nta yameanza kuniaga. Nina mizinga yangu michache upande wa Kitanga. Kwenye kaburi la Elias napita kila nikienda mjini, na kumsamehe Bukuru bado sijaweza. Kumsahau pia nimeshindwa.

Nikirina, asali ya kwanza nampelekea mama yake. Macho yake hayaoni vizuri sasa. Namwamkia, "Mwakeye, mama," naweka bakuli mbele yake, na yeye anangoja. Nachovya kidole, naonja kwa sauti ili asikie. Ndipo ananyoosha mkono.