Kipande cha Kwanza ni cha Maalim

Maalim Matano wa Bodo aliutega mtego kwa ulimi wake mwenyewe, na miaka ishirini baadaye akajikuta ndani yake.

Alipokuwa kijana, ndiyo kwanza amefungua chuo cha Kurani, Idi ilimpita mikono mitupu. Watoto aliowasomesha mwaka mzima walipita mbele ya baraza yake na halua mikononi, asiwepo hata mmoja wa kumkumbuka. Naye alikuwa mtu wa vitamu, hilo halifichiki. Basi Idi iliyofuata akawaambia wanafunzi kwamba kitamu cha sikukuu hakina baraka mpaka maalim akionje kwanza na kukiombea dua. Uongo mtupu, hakuna kitabu kilichosema hivyo. Lakini nani angembishia maalim?

Desturi ikashika. Kila Idi, watu wakitoka msikitini, watoto walipanga foleni barazani kwake na sahani za visheti, kaimati, kashata na halua. Maalim alimega kila sahani, akatafuna, akaomba dua. Waliokuwa watoto wakawa wazazi, wakaleta wa kwao. Maalim akanawiri, na meno yakaoza kimya kimya.

Mwaka wa sitini na nne, Idi ya kwanza tangu Uhuru, meno yake mawili ya mbele ya juu yalikuwa na matundu meusi. Daktari wa meno aliyefika Msambweni kutoka Mombasa hakumzungusha. Asiguse kitu cha sukari, apige mswaki asubuhi na usiku, na daktari akirudi wiki mbili baada ya Idi huenda akayaziba. Akiyatia sukari tena, yatang'olewa. Maalim akatoka pale na baridi mwilini. Herufi za Kiarabu thaa na dhali hazitamkiki sawasawa ncha ya ulimi isipoyakuta meno hayo. Watu walivuka kutoka Funzi kuja kumsikiliza akisoma maulidi, na kisomo ndicho kilichompa riziki na heshima. Bila meno yale angekuwa mzee wa kurusha mate tu.

Aliwaza kujitia mgonjwa; wangemletea sahani kitandani. Akawaza kwenda Lunga Lunga kwa shemeji yake. Wangemngoja arudi, na watoto wasile kitu. Akawaza kuonja na kutemea kwenye leso, lakini baraza nzima ingekuwa inamtazama kinywani. Kila mlango alioujaribu aliufunga mwenyewe zamani.

Siku ikafika. Mbele ya foleni alisimama Mwanarusi, msichana wa miaka minane, pamoja na mama yake, Biasha, ambaye pia alisoma kwa maalim huyo huyo. Wakampa shikamoo, akaitikia. Halua yao iling'aa kwa samli. Maalim akamega kipande, na mkono ukakwama njiani, kwa sababu shavu la mtoto lilikuwa limevimba.

Akauliza mtoto ana nini. Biasha akajibu kwa adabu zote.

"Ni jino tu, Maalim. Amelia usiku kucha, anasema hataki kula. Nimemwambia baraka haikataliwi, na ikishapita kwako haitamdhuru. Hata mwaka jana alilia, na akala."

Aibu ilimpanda Maalim mpaka masikioni. Alikuwa ameyaogopea meno yake siku zote hizo. Ya watoto hakuyafikiria hata mara moja. Akakirudisha kipande sahanini.

"Hakuna baraka yoyote ninayoitia humu, mwanangu," akasema, na foleni yote ikasikia. "Nilitunga mwenyewe, ujanani, kwa sababu ya uroho."

Biasha akamtazama kama mtu aliyegundua kuwa ameibiwa. Mwanarusi ndiye aliyeuliza.

"Kwa hivyo si lazima nile?"

"Si lazima."

Mtoto akashusha pumzi. Biasha akaichukua sahani, akamshika binti yake mkono, wakaondoka bila kuaga. Waliokuwa nyuma yao wakatazamana, kisha nao wakaondoka mmoja mmoja na sahani zao.

Daktari akarudi, akayaziba meno. Ulipofika mwezi wa maulidi, Maalim alisoma mwanzo hadi mwisho, thaa na dhali zikitoka safi kama zamani. Nusu ya mikeka ilikuwa mitupu.