Robo ya Mzunguko

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mama Mstari, na mwenyewe alilipokea jina hilo kama mtu anavyopokea cheo. Kazi yake ilikuwa kukaza nati. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya kitoto, na wengi walidhani hivyo mpaka walipokalia kiti chake nusu saa wakaanza kuangalia saa ya ukutani. Kebo ya redio haina maana bila konekta, kile kichwa cha chuma mwishoni kinachoiunganisha na kebo nyingine au na mtambo. Nyuma ya konekta kuna nati. Isipokazwa vya kutosha, unyevu hupenya kidogo kidogo, na redio iliyokuwa ikisema vizuri huanza kukwaruza. Ikikazwa kupita kiasi, kebo hubanwa koo na mawimbi yakashindwa kupita. Kwa hiyo palikuwa na spana maalumu yenye kipimo ndani yake, na ikifika panapotakiwa hulia "tik". Mama Mstari alikaza, akasikia tik, akachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyekundu na kuvuta mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa konekta. Nati ikisogea hata kidogo, mstari hukatika. Ukiuona mzima, ujue hapo pako sawa, usiguse.

Alianza kuivuta mistari hiyo miaka ishirini na miwili nyuma, kiwanda kilipokuwa vyumba viwili nyuma ya duka la viatu na wafanyakazi wanne tu. Mwenye kiwanda alikuwa fundi redio, suruali imetoboka magotini kwa matone ya risasi ya kulehemu, na wote walikunywa chai ya chupa moja. Mama Mstari alikuwa ndiyo kwanza amemzika mama yake, akaachiwa mdogo wake wa darasa la pili. Hakuwa na mume wala hakuwa na nafasi ya kumtafuta. Mdogo wake alisomeshwa na nati, akavishwa na nati, na alipokua akaajiriwa mgodini, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka mjini, kama mtu wa redio. Huko chini ardhini kebo zinapita ukutani kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila zinapoungana pana konekta. Kijana alikuwa akiwaonyesha wenzake ule mstari mwekundu na kujisifu, "Huo ni mkono wa dada yangu. Amenilea mimi, na sasa anawalea nyinyi."

Kisha ikaja neema, na neema ina mambo yake. Minara ya simu ilichipua kila kilima kama uyoga baada ya mvua, na kila mnara ulitaka kebo. Kiwanda kikahamia kwenye jengo kubwa lenye paa la bati jeupe, wafanyakazi wakafika themanini, wakafika mia mbili. Mwenye kiwanda akanunua tai. Watu wakaanza kumwita Mkurugenzi, naye akaanza kuitika. Haikupita miaka mingi, ng'ambo ya barabara likajengwa jengo lingine, paa la bluu, refu kuliko lao, lenye mashine ambazo hazinywi chai. Katika mwezi wa kwanza tu, kampuni mbili za minara zilihamia kule. Wahenga walisema biashara haigombi, lakini wahenga hawakuwahi kuuza konekta.

Basi ikawa kufa na kupona. Bei ikishuka ng'ambo asubuhi, hapa inashuka jioni. Trei za kazi zilipanda kutoka sita kwa zamu hadi kumi na moja. Spana za kipimo zilikuwa mbili. Moja ilipovunjika haikununuliwa nyingine. Na iliyobaki, ambayo kila miezi sita ilitakiwa kusafirishwa kwenda kupimwa upya na wataalamu, msimamizi wa zamu aliiwekea neno moja: mwezi ujao. Kuipeleka ni siku tisa bila spana, na siku tisa ng'ambo hawalali. Mwezi ujao ukawa mwezi ujao mpaka ikatimia miaka miwili. Mama Mstari alikumbusha mara mbili. Mara ya tatu msimamizi akacheka, "Mama, kwani hiyo spana inaumwa?" Mama Mstari naye akacheka. Na mimi nasema wazi, kicheko hicho ndicho kinachoniudhi mpaka leo kuliko mengine yote.

Spana ilipelekwa hatimaye kwa sababu mgodi, mteja wao mkubwa wa mwisho, ulidai cheti chake kabla ya kusaini mkataba mpya. Kazi haikusimama. Msimamizi alimletea Mama Mstari spana ya kawaida, ile ya gereji, akamwambia mbele ya watu, "Mkono wako ni kipimo tosha." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alijisikia mrefu. Kwa siku tisa alikaza kwa mkono, akiusikiliza mkono wenyewe, na pale ulipomwambia basi, alivuta mstari. Mashine ya majaribio mezani ilizipitisha kebo zote, maana kebo kavu mezani hupita hata ikikazwa kwa vidole.

Siku ya kumi spana ikarudi ndani ya kiboksi chake, imekwisha kurekebishwa. Mezani ilikuwa imebaki kebo moja ya jana. Kwa kujifurahisha tu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, aliivisha spana ile nati aliyokwisha kuikaza, akasubiri tik.

Nati ikazunguka. Mstari wake mwekundu ukakatika mbele ya macho yake, na nati ikaendelea kuzunguka, robo nzima ya mzunguko, ndipo ikalia tik.

Wazo la kwanza lilikuwa la aibu: mkono umezeeka, na watu wamekuwa wakimsifu bure. Trei za siku tisa zilikuwa zimeshapanda lori kwenda mgodini. Lakini hakuwa mtu wa kukimbilia kulia. Alikwenda stoo, akatoa kebo ya miezi sita iliyopita, aliyoikaza kwa spana yenyewe na kusikia tik kwa masikio yake. Akaijaribu. Robo ya mzunguko. Akatoa ya mwaka mmoja. Ilizunguka, pungufu kidogo. Akapekua mpaka nyuma kabisa, kwenye vumbi, akapata ya miaka miwili. Hiyo ilikataa kusogea, ikalia tik papo hapo.

Hapo ndipo alipoketi juu ya boksi. Mkono wake haukuwa umedanganya. Spana ndiyo iliyokuwa ikilegea polepole, ikilia mapema zaidi kila mwezi, na mkono wake mtiifu ukaifuata kama mwanafunzi anayemwamini mwalimu. Tatizo halikuwa trei za siku tisa. Lilikuwa kila kebo ya karibu miaka miwili, na kila moja ilikuwa na mstari wake.

Msimamizi alipoambiwa hakushtuka, na hilo lilimwogopesha kuliko kelele. Alivuta droo, akamwonyesha karatasi ya wataalamu iliyokuja na spana. Iliandikwa humo kila kitu. Alikuwa ameisoma asubuhi, akavaa miwani ya mbao.

Walikwenda pamoja kwa Mkurugenzi. Mzee alisikiliza huku akiilegeza tai.

"Zinafanya kazi?" akauliza.

"Leo zinafanya," Mama Mstari akasema. "Mgodini kuna maji. Hazitaacha zote siku moja. Zitaanza kukwaruza."

"Tukiwaambia leo, kesho wako ng'ambo. Na hawa mia mbili hapa nje utawaambia nini? Nusu yao umewafundisha wewe." Kisha sauti yake ikalainika, ikawa ile ya zamani ya vyumba viwili. "Mama, tumetoka mbali mimi na wewe. Nenda nyumbani upumzike siku tatu. Nitatuma watu wazikaze moja moja, kimyakimya, kwa kisingizio cha matengenezo."

Alitaka kuamini, akaamini. Sitamtetea, wala sitamrushia jiwe. Mtu aliyekula mezani kwa mwenzake miaka ishirini na miwili hasimami kirahisi akaipindua meza.

Alikaa nyumbani. Siku ya kwanza alifua mapazia. Siku ya pili akayafua tena. Siku ya tatu, alfajiri imekwisha na jua limeanza kuingia jikoni, mdogo wake akapita kunywa chai kabla ya zamu, kofia ngumu kwapani, akicheka kama kawaida yake.

"Dada, leo nimeponzeka. Redio zimetusumbua wiki tatu, zinakwaruza kama kuku jalalani. Leo natumwa vituo vya chini kabisa kutafuta ugonjwa."

"Hawajaja watu wa kiwandani kukaza konekta?"

"Konekta za nini? Tumebadilisha betri, tumebadilisha spika, tumebadilisha hadi mtambo wa kituo cha nne. Konekta hatugusi. Ndiyo amri: mstari mzima, usifungue. Mistari yako yote mizima, dada. Nimeikagua mwenyewe."

Angesema pale pale, habari hii ingekuwa nyingine. Alichosema ni, "Chunga huko chini." Mdogo wake akambusu kichwani, akaondoka na kipande cha mkate mkononi.

Ilimchukua saa nzima kuinuka kwenye kiti cha jikoni. Aliposimama hakubadilisha hata kanga. Alipanda basi la mgodini akiwa na ile konekta yenye mstari uliokatika, aliyotoka nayo kiwandani, ndani ya mkoba. Getini mlinzi akamuuliza kama ana miadi. Akasema hana. Akaambiwa asubiri, akasubiri dakika arobaini kwenye benchi la chuma, mpaka akainuka na kuanza kupiga kelele, yeye ambaye miaka yote hakuwahi kupandisha sauti. Ndipo afisa usalama akatoka.

Alikuwa mtu mkavu, wa maneno machache. Aliishika konekta, akautazama mstari, akaisikiliza habari yote hadi mwisho bila kumkatiza.

"Ngapi?" akauliza.

"Zote za miaka miwili."

"Na sisi tumeruka kila yenye mstari mzima," akasema taratibu, kama anajisomea mashtaka yake. Akageuka, akakimbia. Mama Mstari akamfuata mpaka chumba cha redio, hakuna aliyemzuia.

"Vituo vyote, pandeni juu. Narudia, wote pandeni. Jibuni."

Kituo cha kwanza kikajibu. Cha pili kikajibu. Kuanzia cha sita kwenda chini ilikuja mikwaruzo tu, mikavu, isiyo na mtu ndani yake. Afisa akaita tena na tena. Akaamuru waokoaji wawili washuke kwa miguu.

"Nani wako chini huko?" Mama Mstari akauliza, ingawa mmoja alimjua.

"Watatu. Mtu wa redio yuko cha nane, wawili cha tisa."

"Wa cha nane ni mdogo wangu."

Afisa alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama shahidi. Akamsogezea kiti. Hakukikalia.

Walisimama kwenye mdomo wa shimo pamoja na wengine waliokuwa wakipanda na kuhesabiwa. Kila lifti ilipofika alikagua nyuso, akarudia kuzikagua, maana vumbi la shimoni huwafanya watu wote kuwa ndugu. Lifti ya nne ikafunguka, na mdogo wake akatoka, amelowa mpaka kiunoni, mzima. Mama Mstari alimkumbatia na matope yake, akamshika masikio, akamshika mabega, akalia hadharani bila kujali ni nani anatazama. Kilio kilikuwa cha furaha, na kwa pumzi chache aliamini kwamba Mungu amemsamehe saa yake moja kitini.

"Basi, dada, basi," kijana akasema, akihema. Akamgeukia afisa juu ya bega lake. "Mkuu, maji yamepasua ukuta kati ya nane na tisa. Nimewahi kuwaita wale wawili, nikawaambia wasirudi kwangu, wazunguke kwa njia ya juu haraka. Wameshafika?"

Afisa akatazama orodha ya waliohesabiwa. "Walikujibu?" akauliza.

"Ndiyo. Sauti yao hainifikii vizuri siku hizi, kwa hiyo tulikubaliana: ukisikia, unabonyeza mara mbili, redio inakwaruza mara mbili. Niliwaita, ikakwaruza mara mbili vizuri kabisa. Nikajua wamenisikia, nikaondoka." Akatazama lifti tupu, kisha nyuso za watu, kisha uso wa dada yake. "Kwani hawajapanda?"