Bodi Mbili Juu ya Kitanda

Mimi ni fundi wa kompyuta, meza yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, na ubishi ninaouweza vizuri ni ubishi wa madabodi, ule ubao mkuu unaoshika kila kitu ndani ya mashine. Mteja akiniuliza anunue ipi ya bei ya kati, namjibu kabla hajakaa. Angalia matundu ya memori, yawe manne. Angalia vipoza joto, viwe vya chuma kizito. Taa waachie wapambaji wa maharusi. Nimeyasema hayo miaka mingi, na nimewahi kumfukuza mtu mezani kwa sababu ya taa. Kwa hiyo kaka yangu aliponikatalia bodi niliyomchagulia nilikasirika kama kawaida yangu, ingawa alikuwa mgonjwa wa kufa.

Alikuwa mgonjwa wa kufa na hajui. Ndivyo tulivyopanga. Daktari alituita mimi na mama peke yetu, akasema ini limekwisha na hakuna la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Mama alikuwa ametoka Pangani asubuhi ile, bado ana vumbi la safari miguuni. Hakulia. Tulipotoka akanishika mkono wa shati.

"Asiambiwe," akasema. "Na mkewe asiambiwe. Mgonjwa akikatishwa tamaa, hana siku."

Huku kwetu ndivyo ilivyo. Mgonjwa haambiwi ugonjwa wake, huambiwa atapona. Tangu siku hiyo neno letu likawa hilo moja. Utapona, kaka. Atapona, shemeji. Nililisema nikiingia, nikalisema nikitoka, mpaka likawa halina ladha mdomoni.

Kaka alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Nguvumali. Barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za chekechea, kadi za mialiko, vyote vilitoka pale. Yeye alikuwa mtu wa mitambo. Mwenye vidole alikuwa mkewe, anachapa huku anaongea na mteja na wala hatazami herufi. Watoto wao walikula na kusoma kwa kompyuta ile moja. Sasa katikati ya ugonjwa ule umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na madabodi ikafa. Nilipoifungua nilikuta kapasita, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa na shaba imeota ukoko wa kijani, maana chumvi ya hewa yetu hapa haina huruma na chuma. Tumbo la kaka nalo lilikuwa limevimba siku hizo. Nikaifunika ile bodi kwa gazeti.

Muuzaji mmoja wa mjini ananiamini. Alinipa bodi mbili nikamwoneshe mgonjwa, abaki na moja, nyingine niirudishe. Bei zao zilikaribiana sana. Zote mbili zilikubali prosesa na memori za kaka, na hilo ndilo la kwanza kuangalia, kwa sababu bodi mpya isiyokubali prosesa yako ni sinia tu. Lakini mimi nilishachagua hata kabla sijafika Nguvumali. Ya kwanza ilikuwa na matundu manne ya memori, vipoza joto vinene, na nafasi mbili za diski zile za kasi. Ya pili ilikuwa na matundu mawili tu, vipoza vyembamba, ila ina waifai yake yenyewe na vijitaa vinne pembeni. Kwangu hapo hapakuwa na mjadala.

Nilimkuta ameegemea mito miwili, macho ya njano, mikono imebaki mifupa. Mama alikuwa uani. Shemeji alitutandikia khanga juu ya kitanda, nikaziweka bodi pale, moja huku na moja kule. Kaka akazisogeza karibu, akaanza kuzipapasa kingo. Mikono ilimtetemeka lakini alijua inakokwenda. Kwa dakika chache nilimwona kaka yangu yule wa zamani, na niliumia kumwona.

"Chukua hii," nikamwambia. "Matundu manne. Leo unatumia mawili, baadaye unaongeza."

"Baadaye," akasema, polepole, halafu akaiacha ile bodi. "Hiyo baadaye tuiweke kando. Hii nyingine ina waifai?"

"Waifai ya nini? Waya wa intaneti unao, umefika mpaka mezani pale mbele."

"Nataka mashine ihamie humu chumbani. Humu waya haufiki."

Nilidhani anataka kufanya kazi akiwa kitandani. Nilimtazama mtu anapanga kazi za mwezi ujao wakati mimi najua hesabu nyingine kabisa, nikajiona mwongo mkubwa kuliko wote mjini Tanga. Nikasema haya, waifai sawa, tutanunua kidude cha kuchomeka pembeni, bodi tuchukue ile yangu.

"Vidude hulegea," akasema. "Nataka iwe ndani, isiguswe. Na hizi taa ndizo zile za kuonesha ugonjwa?"

Ndizo zenyewe. Zimepangwa wima, ya kwanza juu ya prosesa, inayofuata ya memori, kisha ya picha, ya chini ya diski. Ukiwasha mashine zinapita moja moja, na palipo na kasoro taa hubaki inawaka. Kitu kizuri kwa asiyejua. Kwa fundi ni kumfundisha ndege kuruka.

"Mimi taa sizihitaji, kaka. Nikija nikisikiliza feni tu nshajua."

"Ukija."

"Kwani nitaacha kuja? Ngamiani na hapa ni safari?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, shemeji akaja na beseni. Kilipotulia akataka mashine iletwe, bodi ya pili tuiunge pale pale, tuichomoe memori, tuone taa inavyosema. Nikaiunga kwa shingo upande. Halafu akaleta jipya. Akanitaka nitoke chumbani nikasimame ukumbini, nje ya pazia, na mkewe akae pale pale mbele ya mashine.

"Chumba kidogo hiki," akasema, "mwanibana nyote wawili. Simama huko umuulize, yeye akwambie. Nataka nione kama mtu asiye fundi anaweza kuisoma."

Nikasimama ukumbini nimeshika bisibisi, nimenuna. Nilijiambia ini likichoka huchanganya akili, daktari alitutahadharisha, basi ndiyo yameanza. Nikauliza kwa sauti ya mtu anayelazimishwa kucheza mchezo wa kitoto.

"Shemeji, imewaka taa ya ngapi?"

Nikasikia kama mnong'ono wa kaka, na kitanda kikilia. Pazia likatikisika kidogo kisha likatulia. Nikauliza tena.

"Ya pili," akajibu shemeji. Sauti yake ilikuwa nzito, nikadhani ni aibu ya kutojua. "Ya pili kutoka juu."

"Mwambie ni nini hiyo," kaka akasema.

"Ni memori," nikamwambia shemeji. "Izime, chomoa waya, irudishe memori mpaka ilie ka pande zote."

Ikalia ka, kisha ka ya pili. Feni ikazunguka, taa zikapita zote zikazimika. Nikaingia nikamkuta shemeji ameinamia mashine, anajifuta uso kwa ncha ya mtandio, na kaka amefumba macho ametulia kama mtu aliyekwisha kula. Akasema tubaki na hii. Nikabishana naye mpaka mama akanifokea kutoka uani kwamba mgonjwa habishiwi. Bodi yangu nikairudisha kwa muuzaji nikimlalamikia kaka njia nzima, kwamba ameacha matundu manne kwa ajili ya taa.

Mashine ikawekwa chumbani mwao, pembeni ya kitanda. Kaka hakuchapa hata barua moja. Alikuwa akilala ubavu, anamtazama mkewe akichapa, na mara nyingine nikija nilimkuta shemeji amefungua ubavu wa mashine, memori mkononi, ufutio wa shule pembeni. Nilimwambia asichokoe chokoe vitu asivyovijua. Nikamwambia kaka utapona. Akaniambia inshallah.

Alifariki alfajiri moja, tukamzika baada ya adhuhuri. Sina maneno mazuri ya siku ile. Nilishuka kaburini kumpokea na alikuwa mwepesi, na wepesi ule ulinitia hasira ambayo sikuwa na mtu wa kumpa.

Shemeji akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mwanamke aliyefiwa anakaa ndani, mavazi meupe, hatoki ila kwa dharura, na haonani na mwanamume anayeweza kumwoa. Mimi ni mmoja wao. Nyumba ambayo nilikuwa naingia mpaka jikoni kuulizia ukoko wa wali, sasa mwisho wangu ulikuwa ukumbini. Mama alibaki naye. Wateja walituma kazi kwa simu, kizuka wetu, maana mwanamke wa eda huitwa hivyo, akachapa huko ndani, mama akatoa karatasi, nami nikapita kuzichukua na kuzipeleka kwa wenyewe. Wako waliosema si vizuri, kizuka anagonga mashine kutwa. Mama akawauliza kama watoto watashiba kwa minong'ono yao, na tangu hapo waliosema wakaenda kusemea kwao.

Masika yakaja. Kila kitu kikaota unyevu, mpaka viberiti vikagoma. Asubuhi moja mama akanipigia simu kwamba mashine haiwaki, na kuna mitihani ya shule inatakiwa siku hiyo hiyo, na shule ile ndiyo mteja mkubwa aliyebaki. Nikafunga meza nikapanda baiskeli na mvua yangu mgongoni. Niliingia nyumbani mbio, begi la vifaa begani, nikawa nimeshashika pazia.

"Wapi?" mama akauliza kutoka kwenye mkeka wake.

Mkono ukabaki hewani. Nilikuwa nimesahau kabisa. Fundi mzima, vifaa vyote ninavyo, mashine iko hatua chache ndani, na siwezi kuifikia. Kutafuta fundi mwanamke hapa mjini sikujua nianzie wapi. Kuitoa mashine pale, na nyaya zake na printa, nani aitoe, mama na magoti yale? Nikaanza kutukana mvua, umeme na chumvi.

"Shemeji," sauti ikatoka ndani ya pazia. "Imewaka ya pili kutoka juu."

Nilisimama pale pale niliposimama siku ile. Ukuta ule ule, pazia lile lile, na bisibisi ile ile begini. Waifai isiyotaka waya, mashine chumbani, taa ya kusomwa na asiye fundi na kuambiwa fundi asiyeweza kuingia. Kaka hakuwa anachagua bodi ya kufanyia kazi kitandani. Alikuwa anachagua bodi ya eda ya mkewe, bodi ambayo mimi ningeweza kuitengeneza kwa mdomo.

"Umeshaizima?" nikauliza.

"Nimezima, nimechomoa waya. Memori ninayo mkononi, imefanya ukungu. Naisugua na ufutio."

"Sugua pale penye rangi ya dhahabu, taratibu. Usipashike na vidole."

"Najua. Alinifundisha."

Nikamsikia anasugua. Mama aliacha kuchambua mchele. Nikauliza jambo ambalo nilikuwa naliogopa tangu sauti ile itoke.

"Shemeji, kumbe ulijua?"

Ufutio ukasimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Aliniambia siku ile uliyosimama hapo. Nilitaka kukuita uingie uone mwenyewe taa. Akanishika mkono, akaniambia mwache huko huko, ndiko atakakokuwa."

Nilikuwa naangalia pazia, maua yake ya kijani, pindo lililofumuka.

"Nikamuuliza basi mbona nyinyi kila siku mwaniambia atapona," akasema. "Akaniambia niwe naitikia tu. Akasema wameshachoka hao, tusiwaongezee."

Mama akajifunika uso kwa khanga. Tulijiona walinzi, mimi na yeye, tumebeba siri ya watu wawili wasiojua kitu. Kumbe waliokuwa wakitulinda ni wao, humo chumbani, mgonjwa na mkewe, wakijifunza kuchomoa memori na kuirudisha kila tunapowapa kisogo. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona wivu, kwamba walipata muda wa kuagana na mimi sikuupata, nilikuwa nashughulika kudanganya.

Ikalia ka. Ikalia ka ya pili. Feni ikazunguka, na nilihesabu taa kichwani zikipita bila kuziona.

"Zimezimika zote," shemeji akasema.

Baada ya muda printa ikaanza kunguruma. Karatasi zikasukumwa chini ya pazia, mtihani wa hesabu wa watoto wa chekechea, picha za maembe na samaki wa kuhesabu, bado zina moto. Nikainama kuziokota. Niliona ncha za vidole vyake zikirudi ndani.

"Imepona?" mama akauliza, hajafunua uso.

Neno lenyewe ndilo hilo, na nilishindwa kulitamka. Nikazifunga karatasi kwenye mfuko wa plastiki zisilowe, nikapanda baiskeli nikazipeleka shuleni.