Mkataba Niliousoma kwa Masikio

Macho yangu yalizimika taratibu, kwa presha ya macho, na kufikia mwaka 2016 mchana wote ulikuwa kwangu ukungu tu. Nilikuwa fundi cherehani, mkimbizi kutoka Bukavu, na kibanda changu kilikuwa ndani ya ukumbi mmoja pale Jules Street, Malvern, Johannesburg, tuliougawana wafanyabiashara kumi na wawili kwa kuta za mbao. Cherehani sikuiacha. Kukata vitambaa nilimwachia mume wangu, mimi nikabaki na kushona, pindo na vifungo, kazi ambazo vidole vyangu vilizijua kuliko macho.

Nilichopoteza ni kusoma. Bukavu mimi ndiye niliyesomea ukoo mzima barua zao. Sasa hata karatasi iliyotoka shuleni kwa binti yangu nilisubiri mtu anisomee. Na mtu akikusomea huruka pale anapochoka, kisha anakwambia, "Basi, ni hayo tu."

Aliyenitoa hapo ni mteja. Alikuwa Mtanzania, kipofu tangu kuzaliwa, anapokea simu katika ofisi moja Marshalltown, na alikuja kupunguziwa suruali. Alinisikia nikimwomba mume wangu anisomee ujumbe.

"Dada, simu yako ni ya kugusa?" akauliza.

"Ndiyo, lakini mwenye kuitazama ni huyu."

"Hebu ilete."

Akaishika, akamwomba mume wangu abonyeze huku na kule, na simu ikaanza kusema. Kumbe ilikuwa na sauti ndani yake siku zote! Akanifundisha: telezesha kidole kulia, inakusomea kinachofuata, gonga mara mbili, inafungua. Wiki ya kwanza nilimpigia simu mchungaji wa kanisa letu mara tatu bila kukusudia. Wiki ya pili nilisoma ujumbe wa mdogo wangu peke yangu, nikalia juu ya sketi ya mtu.

Ujumbe mfupi niliuweza. Maandishi marefu yalinitesa. Ukisoma kwa macho na mawazo yakaondoka, macho nayo husimama. Sauti haisimami. Unashtuka kurasa tatu zimepita nawe hukuwepo. Au simu inaita katikati, na ukimaliza kuongea unajikuta umerudishwa mwanzo kabisa. Nilimlalamikia yule Mtanzania.

"Usione haya kuirudisha nyuma," akaniambia. "Hata wenye macho hurudi, ila hawasemi."

Nikabuni njia yangu. Kila ukurasa ulipokwisha nilitoa pini moja kwenye kimto cha pini cha kushoto, nikaichoma kwenye cha kulia. Simu ikiita, nilihesabu pini, nikajua pa kurudia. Kasi nayo nikaipandisha kidogo kidogo, mpaka jirani yangu, dada Mrundi aliyesuka nywele kibanda cha pili, akadhani simu yangu imeharibika.

Kisha, mwaka 2018, ukaja mkataba. Jengo lilikuwa limepata mmiliki mpya, na msimamizi wake, kijana wa hapahapa Johannesburg, akapita na karatasi za Kiingereza, kurasa arobaini na moja.

"Mama, nitakuonyesha pa kuweka saini," akaniambia. "Wenzako wote watasaini Ijumaa."

"Nitumie kwenye simu. Nitausoma kwanza."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Akanitumia. Nikafungua, na sauti ikasema: "Picha." Nikatelezesha. "Picha." Ilikuwa picha ya kila ukurasa, na picha sauti yangu haikuweza kuisoma. Nikampigia msimamizi, nikamwomba mkataba wenyewe, ulioandikwa kwa kompyuta.

"Eish, mama, ni uleule!"

"Kwako ni uleule. Kwangu hapo hamna kitu."

Jioni akatuma uliokuwa na maneno.

Nilisoma siku nne nikishona sare za kwaya, waya mmoja wa kusikilizia sikioni. Kiingereza cha mkataba si kile cha kuuzia nguo. Ukurasa wa ishirini na tisa neno moja lilinishinda, nikaiamuru sauti inisomee herufi moja moja, nikamwandikia yule Mtanzania. Akajibu: "Ni kunyang'anywa kwa kosa lako mwenyewe." Nikairudisha ile sentensi mara nne. Ilisema kwamba mfanyabiashara atakayefunga kibanda zaidi ya siku tano mfululizo, kwa sababu yoyote ile, atahesabiwa amekwisha kuondoka, na vilivyomo ndani ni vya mwenye jengo.

Dada Mrundi alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ijumaa tulikusanyika katikati ya ukumbi. Msimamizi alipotoa kalamu nikasema, "Kabla hatujasaini, sikilizeni." Nikachomoa waya, nikapunguza kasi, nikaiacha simu isome ile sentensi kwa sauti kubwa, kisha mimi nikaifasiri kwa Kiswahili.

Dada Mrundi akasimama. "Mimi nazaa mwezi ujao," akamwambia msimamizi. "Nizae leo, siku ya sita niwe hapa nasuka?"

Yule kijana akafungua karatasi zake. Nilisikia kurasa zikigeuzwa. "Mimi mwenyewe sikufika huku," akasema polepole. Akatoka nje kumpigia mwenye jengo. Aliporudi alisema sentensi ile itabadilishwa: mgonjwa, aliyejifungua au aliyefiwa, akitoa taarifa, kibanda chake ni chake.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mzee mmoja aliyetengeneza viatu akapiga kelele, "Sharp, mama!" yaani safi kabisa. Nami nikamgeukia msimamizi.

"Unitumie tena," nikasema. "Mkataba wote, mwanzo mpaka mwisho."

Safari hii hakubisha. Nikausoma wote upya kwa siku mbili, nikakuta walivyosema ndivyo walivyoandika, na Jumatatu nikawa wa kwanza kusaini. Wenzangu walisubiri nisaini ndipo nao wakasaini.

Dada Mrundi alijifungua binti, akafunga kibanda wiki tano, akarudi akakuta viti na vioo vyake palepale.

Baada ya hapo nilitaka kusoma kitu kisicho na vifungu. Mtanzania akanitumia riwaya ya Kiswahili, ndefu. Sauti ya Kiingereza iliitafuna vibaya, ikinisomea "mama mkwe" kama jina la dawa, mpaka aliponisaidia kuweka sauti ya Kiswahili. Niliisoma majira yote ya baridi, shali mabegani, mguu kwenye cherehani. Wateja walinikuta nacheka peke yangu, na siku moja walinikuta nafuta machozi. Ilipokwisha nikampigia yule Mtanzania.

"Imeisha," nikamwambia. "Unayo iliyo ndefu zaidi?"