Kikombe cha Boti Mnadani

Niliwahi kuwa bingwa wa mbio za boti baharini misimu mitatu mfululizo, na sijui kuogelea. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu, huku miteremko ya Meru, hulisubiri muda wote ninaposimulia, kisha wanacheka kana kwamba mengine yote yalikuwa utangulizi. Basi wacheke sasa, tumalizane.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara imefunguliwa, mitumba imejaa hadi vichochoro vya Kijenge, na mimi nilikuwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa, kazi niliyoachiwa na marehemu baba. Kahawa ilipokosa bei nikashuka Dar es Salaam kutafuta riziki, nikaangukia kwa tajiri mmoja aliyekuwa akiingiza mafriji kutoka nje. Mafriji yakamnenepesha, akanunua boti ya mbio yenye injini mbili. Alichokosa ni mtu wa kuzisikiliza.

Nasema kuzisikiliza kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Boti ya mbio inaruka juu ya mawimbi. Ikiruka, pangaboi la injini linazunguka hewani badala ya majini, na usipopunguza mafuta papo hapo, injini inajiua. Tajiri alishika usukani, mimi nikashika mafuta. Washindani wetu walikuwa wamezaliwa ufukweni, lakini hakuna hata mmoja aliyelelewa na mashine ya kahawa, ile inayonguruma kwa raha ikipata tunda bivu na kupiga mayowe ikibaki tupu. Sikio langu lilifunzwa kazi hiyo nikiwa na miaka saba, kwa makonzi. Tukashinda msimu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nilitapika yote mitatu.

Kila Krismasi nilipanda nyumbani, na kila Krismasi mama alinihoji jikoni huku akimenya ndizi.

"Hiyo boti inabeba abiria wangapi?"

"Haibebi abiria, mama."

"Mizigo?"

"Hata mizigo."

"Sasa mnakwenda wapi?"

"Tunazunguka maboya matatu, tunarudi palepale tulipoanzia."

Aliweka kisu chini. "Mtu mzima na akili zako, unachoma mafuta yote hayo kurudi ulipokuwa?"

Mwaka uliofuata, maswali yaleyale. Uliofuata tena, yaleyale. Nilikuwa nakasirika kweli. Kijana wa jirani yetu alikuwa karani chuoni Makumira, na mama yake aliitangaza kalamu ya mwanawe kijiji kizima. Mama yangu akiulizwa habari zangu alijibu, "Yuko Dar, anahangaika." Bingwa, anahangaika!

Msimu wa tatu tajiri aliniachia kikombe, kwa kuwa kabati lake lilikuwa tayari na viwili. Nikaapa kwamba safari hii mama atanikubali mbele za watu. Jumapili nikakibeba kanisani kikiwa kimeng'arishwa, nikakiweka juu ya meza ya mbele ili mchungaji akiombee na kunitaja. Pesa zangu zote, isipokuwa nauli ya kurudi Dar, nikazitia kwenye bahasha ya shukrani, nizidi kutajwa. Mchungaji aliomba vizuri sana. Nikarudi kitini kifua mbele.

Pwani ilikuwa imenisahaulisha desturi ya kwetu. Mtu wa kwetu akimshukuru Mungu analeta mkungu wa ndizi, mayai au kuku, anaweka mezani, na ibada ikiisha vyote vinatolewa nje kupigwa mnada. Nilipotoka mlangoni, mzee wa kanisa alikuwa ameshika jogoo mkono wa kulia na kikombe changu mkono wa kushoto.

"Shikamoo mzee," nilimnong'oneza. "Hicho hakikuwa cha kuuzwa."

"Marahaba. Ulikiweka mezani, hukukiweka?"

"Nilikiweka."

"Basi ni cha Bwana. Ukikitaka, taja bei kama wenzako."

Mfukoni nilibaki na nauli tu. Nikaitaja nauli. Watu wakanishangilia kwa moyo wangu wa kutoa, na papo hapo mama wa karani akapandisha. Alisema kikombe kina masikio mawili mazuri ya kushikia, kitamfaa kunyweshea ndama. Ndama! Nilitamani kumvuta kilemba.

Mzee wa kanisa akakigeuza huku na huku. "Jamani, kabla sijafunga, hiki hasa ni cha nini?"

Nilifungua mdomo, lakini mama alikuwa ameshatangulia mbele.

"Ni cha mwanangu," alisema. "Wanazunguka maboya matatu, wanarudi palepale. Hawabebi abiria wala mizigo. Boti ikiruka injini inapiga kelele, na yeye ndiye anayeisikia kabla haijafa. Wote wanarudi, ila yeye anarudi wa kwanza. Miaka mitatu sasa." Akamgeukia jirani yake. "Natoa yule mbuzi wangu mwenye mimba. Nani ana zaidi?"

Hakuna aliyekuwa na zaidi. Nililia pale pale, mbele ya jogoo na waumini wote, na sioni haya kusema.

Njiani kurudi nyumbani alikibeba mwenyewe.

"Kumbe ulikuwa unaelewa," nilimwambia. "Mbona kila mwaka unaniuliza yaleyale?"

"Nilikuwa naogopa kuuliza lile lingine."

"Lipi, mama?"

"Umeshajua kuogelea?"

Niliangalia viatu vyangu. "Bado."

"Basi hiki kitakaa kwangu mpaka ujue," alisema, akakifunga ndani ya kitenge chake.

Kiko kwake hadi leo, juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Bahari niliiacha zamani, lakini yeye hajalegeza masharti. Sasa ana miaka themanini na kitu, na miguu haimchukui tena hadi kanisani. Jumamosi iliyopita nilianza masomo kwenye bwawa la hoteli moja Usa River, pamoja na watoto wa darasa la pili, nikiwa nimeshika ukingo kwa mikono miwili. Watoto walinicheka sana. Wacheke tu, mimi nataka mama anikabidhi kikombe changu kwa mkono wake mwenyewe.