Baba alipulizia mpunga wa mama kwa mapenzi, wadudu wakarudi na ukoo mzima

Wakuu habari zenu, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Mimi shule niliishia la saba, kwa hiyo msitegemee maneno magumu. Ila hii stori ni ya nyumbani kwetu kabisa, sitii chumvi nisije nikagombana na wazazi.

Sisi ni watu wa Mlalo, huku juu milimani. Baba ni mtu wa nyanya na kabichi. Mkulima wa nyanya wa huku bila pampu mgongoni halali usingizi. Akiona jani limetoboka anapulizia. Asipoona, anapulizia ili lisitoboke.

Mama yeye ana majaruba yake ya mpunga kule chini, bonde la Mng'aro. Aliachiwa na bibi. Wali wa Krismasi kwetu unatoka pale, na ndicho kitu pekee mama anachosema "changu".

Baba hajawahi kukanyaga kule. Anasema tope ni la vyura.

Sasa msimu uliopita mama akateleza na mkungu wa ndizi mgongoni, mguu ukavunjika, ukafungwa hogo la plasta. Mpunga ndio kwanza umeshika. Akawa analala anaangalia ukuta.

Baba akakaa, akakohoa, akasema, "Nitashuka mimi."

Mama akamwangalia kama mgeni. "Wewe? Na tope?"

"Kwani tope lina meno?"

Tukashuka mimi na yeye. Kufika, akaona majani machache yameliwa na viwavi. Jamani, mzee alikasirika kama wameingia chumbani kwake. "Hakuna mdudu atakayekula cha mama yenu mimi nipo."

Akatoa dawa ya nyanya. Akapulizia.

Kesho yake shamba safi. Viwavi chali, buibui chali, vile vidudu vyenye madoa chali. Baba akasimama kwenye tope peku, akaniambia nimpige picha nimtumie mama. Mama akajibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka. Mara ya kwanza tangu aanguke.

Hapo ndipo mzee alipopata moto. Tukawa tunashuka kila wiki na pampu.

Baada ya muda nikaona chini kwenye mashina, karibu na maji, vidudu vya kahawia, vidogo kama punje ya mtama. Baba akapulizia. Wakapungua, wakarudi wengi zaidi. Akaongeza dawa. Wakarudi na mashemeji.

Halafu katikati ya jaruba pakatokea duara limekauka, kama mtu ametua sufuria la moto. Duara likawa linakua. Majaruba ya jirani, kijani tupu.

Jirani ni mzee Rajabu. Akaja ukingoni, akanusa. "Shemeji, hii ni harufu ya nyanya."

Baba akaificha pampu nyuma yake.

"Mimi sijapulizia kitu. Nyie mnapika nini humo?"

Akamwita bwana shamba. Dada mmoja mpole, akagonga mashina juu ya beseni, vidudu vikamwagika kama pumba. Akatuelezea, nami nawapa nilivyoelewa.

Hawa wadudu walikuwepo tangu mwanzo, wachache. Buibui na wenzake walikuwa wanawala. Dawa ikaua walinzi. Mayai ya wezi yako ndani ya shina, dawa haiyafikii. Yakianguliwa, mtaa mzima ni wao.

Kila tulipopulizia tulikuwa tunawafukuzia polisi.

Akasema tuache dawa, tutoe maji siku kadhaa pakauke kidogo, mbolea ya urea tusiongeze.

Kurudi nyumbani baba akaniambia, "Wewe mwenye mdomo, mwambie mama yako." Nikasema baba, kwa hili mimi bubu.

Akavua kofia, akakaa kitandani kwa mama, akahamia Kishambaa. Mzee akihamia Kishambaa na sauti ya chini, ujue limemfika. Akasema lote.

Mama akamwangalia miguu. Akauliza, "Uliingia peku kila wiki?"

"Kila wiki."

"Basi ukishuka tena, ushuke na mimi."

Kipande cha katikati kilikufa, sidanganyi. Pembeni tulivuna. Krismasi tulikula wali mama akitupimia kwa kijiko, na baba akapakuliwa wa kwanza.

Msimu huu wameshuka wote wawili, mama na fimbo yake. Nilikuwa nakatiza jarubani, baba akanishika bega.

"Zunguka kule. Hapo kuna mfanyakazi wa mama yako."

Nikaangalia. Utando wa buibui, una umande.

Wakuu, nilichojifunza: kabla hujapulizia, inama uangalie nani yupo kazini. Dawa ya shamba moja usiihamishie lingine kwa mazoea.

Wenye uzoefu wa mpunga mwageni ujuzi hapa. Mkimtukana mzee napo sawa, komenti namsomea mimi, nitaruka ninapotaka.